Msiiombee radhi makala ya kokoto

Bwana Mhariri, asalam alaykum.

Nnaandika kuhusu ile radhi mliyoiomba wiki iliopita, mkasema makala ya kejeli juu ya wanawake wa kokoto imewaumiza baadhi ya wasomaji na kwamba safu yenyewe mmeisimamisha kwanza mpaka muitazame upya. Mie sikubaliani na radhi ile na nakuombeni safu irudi, na nitaeleza kwa nini, barua itakuwa ndefu kidogo mnisamehe, lakini fasihi ndo kazi nilioifanya mpaka nikastaafu na hili la kejeli nimelisomesha sana skuli, khasa kwa watoto wetu wa huku Pemba ambao wengi wao mama zao ndo hao hao walioandikwa.

Kwa ambae hajaisoma, mwandishi alijivisha uafisa mipango, akaandika kwa lugha ile ile ya ripoti tunayoijua, akapendekeza wanawake wanaopasua mawe Micheweni wafanywe kivutio cha utalii. Eneo litiwe uzio, mtalii akate tiketi, akitaka kushika nyundo mwenyewe aongeze pesa, na mtoto anaemsaidia mama yake akitoka skuli apigwe picha kwa bei mbali. Akaweka na hesabu, ndoo moja ya kokoto inauzwa shilingi ngapi, mama anahitaji kujaza ndoo ngapi ndo apate kilo ya mchele na mafuta ya kupikia. Alafu mwisho akasema asitokee mtu akamletea habari za mashine ya kupasulia kwa mkopo wa kikundi, wala glavu na miwani ya kukinga macho, wala bei ya pamoja ya kumuuzia mwenye lori, mana hayo yote mtalii hatoyapiga picha.

Basi msomaji mmoja akaandika kuwa hii ni dharau kwa mama zetu, akaleta na aya ya Qur'ani, mkaichapa barua yake, nayo alikuwa na haki ya kuiandika, alafu nyinyi mkakubaliana nae haraka haraka kama vile hamkuisoma makala yenu wenyewe.

Mie gazeti lile nilikwenda nalo huko huko kwenye kokoto, si mbali na kwetu. Wanakaa chini ya vibanda vya makuti, miguu wameinyoosha, jiwe kubwa la kugongea liko mbele, na kwenye mkono wa kushoto kila mmoja ana kipira alichokikata kwenye tairi ya baiskeli, anakizungushia kijiwe kisiruke wakati wa kukipiga. Pembeni yao pana kokoto walizozipanga chungu chungu kwa ukubwa wake, hizi za zege, hizi za njia. Nikawasomea makala yote kwa sauti. Mwanzo walikuwa kimya, mmoja wa makamo akakasirika kweli kweli, akasema, "Sasa huyu anataka kututia kwenye tundu kama nyani?" Nikaendelea kusoma. Nilipomaliza, bi mkubwa mmoja ambae hakuwa ameacha kugonga mawe muda wote akaweka nyundo chini akasema, "Mwalimu, hebu rejea hapo kwenye bei." Nikarejea. Akasema, "Bei hiyo ndo hiyo hiyo. Kaijuaje?" Mwengine akauliza, na huko mjini Chake Chake ndoo wanaiuza vipi? Hakuna aliejua, mana wao wanaishia kwenye lori, lori likishaondoka hawajui kokoto zao zimefika wapi wala zimeuzwa kwa kiasi gani. Pale pale yakaanza maneno ya nani ana ndugu Chake anaejenga aulizwe, na kwa nini kila mtu anauza peke yake, tukakaa mpaka ikaadhiniwa laasiri, na habari ya watalii haikutajwa tena hata na yule aliekasirika.

Bwana Mhariri, mie nimekuwa nikisikia habari za umasikini redioni tangu nina nywele nyeusi. Ule utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2019/20 ulisema watu 25.7 kwa mia hapa Zanzibar wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na Pemba hali ni nzito zaidi kuliko Unguja. Takwimu hiyo ni ya kweli na inahitajika, wataalamu wamefanya kazi yao. Lakini ikisomwa kwenye habari saa mbili usiku nani anajiona yumo ndani yake? Kila mtu anadhani hao 25.7 ni watu wengine. Makala ile ikachukua hesabu ndogo ya ndoo na kilo ya mchele ikaitia kwenye mdomo wa mtu asie na huruma, na hapo ndipo wenyewe wakajiona, tena wakaona na mwengine aliekuwa hatajwi, yule anaenunua.

Na huyu mwandishi wenu hakubuni njia hii, ameirithi. Alieiweka juu kabisa ni Jonathan Swift, mtu wa Dublin, Ireland, aliezaliwa 1667, na alikuwa mtu wa dini, tangu 1713 ndie mkuu wa kanisa kubwa la St Patrick katika mji huo huo. Wakati wake Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, ardhi nyingi iko mikononi mwa watu wanaokaa Uingereza, kodi wanazowalipa wakulima wenye ardhi zinavuka bahari kila mwaka, biashara ya sufu, manyoya ya kondoo, imebanwa kwa sheria wasiuze nchi za nje, na miaka ya 1727 mpaka 1729 mavuno yakawa mabaya mfululizo, mitaa ikajaa kina mama wanaoomba na watoto nyuma yao. Watu wengi waliandika mapendekezo wakati huo, kila mtu mwenye kalamu ana mpango wake wa kuondoa umasikini na kila mpango una hesabu nzuri nzuri. Swift 1729 akatoa kijitabu bila ya jina lake, akajifanya na yeye ni mmoja wa hao wenye mipango.

Mpango wenyewe ni kuwa watoto wa masikini wakifika mwaka mmoja wauzwe waliwe na matajiri.

Najua inatisha hata kuiandika, na wanafunzi wangu mara zote nikifika hapo darasa zima linasema astaghfirullah. Lakini tizameni alivoijenga. Anaanza kwa upole, anawaonea huruma kina mama njiani, msomaji anamuamini. Alafu anahesabu. Nchi ina watu milioni moja na nusu, jozi za mume na mke wenye kuzaa ni 200,000, toa 30,000 wenye uwezo wa kulea, toa mimba zinazoharibika na wanaokufa, wanabaki watoto 120,000 wa masikini wanaozaliwa kwa mwaka. 20,000 waekwe kwa mbegu, 100,000 wauzwe. Kumlea mtoto mwaka mmoja kunagharimu shilingi 2, atauzwa shilingi 10, mama anabaki na faida ya shilingi 8. Yote anayazungumza kama mtu anaezungumzia ng'ombe mnadani, hana hasira, hapandishi sauti hata mara moja. Na katikati anapenyeza kuwa chakula hicho kitakuwa ghali na kwa hivo kinawafaa wenye ardhi, mana wao washawala wazazi wengi, basi na watoto haki yao ya kwanza. Hapo msomaji aliesinzia anaamka. Kumbe ulaji ulikuwa ushaanza zamani, ila ulikuwa unaitwa kodi.

Mwisho ndo kuna kitu ambacho nilikuwa nawafunza wanafunzi wakitafute wenyewe kwanza. Anasema asije mtu akamwambia habari za dawa nyengine, alafu anazitaja moja moja, kuwatoza kodi wenye ardhi wasiokaa nchini, kutumia nguo na vitu vilivotengenezwa nyumbani, wenye ardhi kuwahurumia wapangaji wao japo kidogo, wafanyabiashara kuwa waaminifu. Hizo ndo dawa za kweli, na Swift mwenyewe alishazipendekeza kwa miaka mingi wazi wazi na hakusikilizwa. Kwa hivo kijitabu kizima kimebeba suluhisho ndani yake, limeandikwa kwa kukataliwa. Sasa rejeeni kwenye makala yenu, mashine ya kikundi, glavu, miwani, bei ya pamoja. Mwandishi kaziweka pale pale alipoziweka Swift. Nyinyi mmeomba radhi kwa makala ambayo ndani yake mna mambo manne ambayo ofisi yoyote ikitaka inaweza kuanza nayo Jumatatu.

Mtu ataniuliza, je iliwasaidia watu wa Ireland? Nisiseme uongo, kijitabu kile hakikuwalisha. Miaka zaidi ya mia baadae, 1845 mpaka 1852, ikaja njaa kubwa ya viazi, watu kama milioni moja wakafa na vyakula vyengine bado vinapakiwa melini kwenda kuuzwa nje. Lakini kabla ya hapo, 1724, Swift huyo huyo aliandika barua kwa jina la kujifanya muuza nguo, akipinga sarafu za shaba ambazo mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza, William Wood, alipewa ruhusa ya kuzitengeneza kwa ajili ya Ireland bila ya wenyewe kuulizwa. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakaemtaja mwandishi. Dublin nzima inajua ni nani na hakutokea wa kusema, na mwaka uliofuata ile ruhusa ikaondolewa. Barua zile zilikuwa na lugha ya wazi zaidi, hazikuwa kejeli kama kile kijitabu, lakini kalamu ni moja na watu walishaijua. Kalamu peke yake haitoshi, wanatakiwa na watu wanaokataa kuzipokea sarafu. Bila ya kalamu lakini wangekataa nini, wakati kila mmoja dukani kwake anadhani tabu ni yake peke yake?

Na sie hapa visiwani hatukungoja kufunzwa na Dublin. Siti binti Saad, mtoto wa mama mfinyanzi wa Fumba, alifika kurikodi Bombay 1928 na nyimbo zake zilikuwa zinasema waliokuwa hawasemwi. Ule wimbo wa Kijiti mpaka leo wazee wanaujua, mwanamke mgeni kauawa, muuaji kakimbia, na hakimu akawageukia mashahidi akawafunga wao. Siti hakusimama akahutubia kuwa mahkama za kikoloni hazina haki. Aliieleza hukumu ilivokuwa tu, tena kwa wimbo wa kuchezeka, na kila aliekuwepo akaelewa. Na Shaaban Robert, mtu wa Tanga, katika hadithi yake ya Kusadikika, iliotoka 1951 wakati Muingereza bado yuko, akaipeleka nchi yake huko angani, akamsimamisha Karama mbele ya mfalme ashitakiwe kwa kosa la kutaka watu wasome sheria. Kitabu kikasomwa maskulini. Na kule Kenya Wahome Mutahi aliandika safu ya Whispers miaka mingi, akaitumia familia ya nyumba moja kuonesha nchi nzima, na 1986 alikamatwa akafungwa. Kwa hivo watu wanaosema kejeli si desturi yetu, sijui wanazungumzia desturi ya nani. Mwambao huu mtu akitaka kumwambia jirani yake neno zito ananunua kanga.

Sasa nije kwenye aya, mana hili ndo lililonifanya nikae siku kadhaa kabla ya kuandika. Yule ndugu alieleta Suratul Hujurat aya ya 11 hakukosea kuileta. Mwenyezi Mungu anakataza watu wasiwadharau watu wengine, huenda hao wakawa bora kuliko wao, na wanawake wametajwa kwa kutajwa. Mie aya hii naichukua kwa uzito wake wote na nasema ndio, itumike kupimia makala zote za gazeti hili. Tukiipima ile ya kokoto, nani kadharauliwa? Hakuna mwanamke hata mmoja aliechekwa kwa umasikini wake, wala mavazi yake, wala mikono yake. Aliewekwa uchi ni yule mwenye mpango, anaewatazama watu akaona picha za kuuza.

Alafu tuipime na vichekesho tunavyovisikiliza kila siku na hakuna alieomba radhi. Mpemba akitiwa kwenye mchezo ni lazima awe mbishi au bakhili na lafudhi yake ichezewe, mtu wa shamba akiingia mjini ni lazima apotee, masikini akiwa na njaa ale kwa pupa watu wacheke. Watoto wetu wanakwenda kusoma Dar es Salaam wakifungua midomo tu wenzao wanaanza kucheka, wengine wanaamua kunyamaza darasani muhula mzima, nimewaona wakirudi. Hicho ndicho kinachokatazwa na aya, kumcheka aliekuwa chini yako kwa kitu ambacho hakukichagua. Na kuna tafauti kubwa na kejeli ya Swift ambae matusi yote aliyarusha juu, kwa wenye ardhi na kwa wataalamu wa hesabu, na kwa tabaka lake mwenyewe la watu waliosoma. Basi ningependa mhariri uwe na kanuni moja ya namna hiyo kwa waandishi wako, atakaecheka mnyonge makala yake irudi, na hata mkubwa asichekwe pua yake wala jina la ukoo wake, ichekwe amri alioitoa na namna anavyozungumza kuhusu watu.

Kuna jambo moja katika malalamiko nalikubali bila ya ubishi. Watu wengi hawakuisoma makala gazetini, waliletewa kwenye simu, mtu kapiga picha kile kipande cha tiketi na uzio tu, kichwa kimekatwa na mwisho umekatwa, ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama vile ni mpango wa kweli. Mpwa wangu alie Muscat alinipigia akiwa na hasira, anauliza hivi kweli mnataka kuwatia watu uzio? Zamani za Swift kijitabu unakishika mkononi chote, ukianza utafika mwisho. Sasa maneno yanatembea vipande vipande na kipande kikali ndo kinachotembea haraka. Hili si la kulidharau, mtu anaweza akamuamini yule afisa wa uongo akaenda akawatukana watu wa kweli. Dawa yake naona ni ndogo, safu iwe na pahala pake pale pale kila wiki, kichwa cha KEJELI kwa herufi kubwa, na kwenye mtandao kiandikwe tena pembeni ya kila aya ili hata ikikatwa neno libaki. Wapo watakaosema kejeli ikitangazwa inapoteza ladha. Ipoteze kidogo, bora hivo kuliko kuzimwa kabisa.

Na sikulaumuni kwa khofu. Wenye umri wangu tunalikumbuka gazeti la Dira na lilivofungiwa 2003, na sheria ya magazeti tulioilalamikia miaka mingi ni ile ya 1988. Mwandishi wa kejeli anajua anatembea wapi. Lakini safari hii hakuna serikali iliokwambieni muiache, ilikuja barua ya msomaji mmoja tu na mkarudi nyuma, na mkizoea kurudi nyuma kwa barua basi mtu yeyote mwenye jambo la kuficha ataandika barua.

Jambo jengine, msidhani kejeli inaweza kufanya kazi peke yake. Mwandishi yule alijua bei ya ndoo kwa sababu alikwenda akauliza, hakukaa Mjini akabuni. Ndo mana bi mkubwa aliweka nyundo chini. Nimesoma makala nyingi za vijana siku hizi wanadhani kejeli ni kutukana kwa maneno matamu, hamna hata bei moja ndani yake, hamna jina la kijiji, hamna kitu ambacho mtu wa pahala pale atasema hiki ndicho. Hizo mie hata mkizifuta sitaandika barua. Kuna mambo tele yanasubiri mtu wa kuyafata hivo. Mwani kwa mfano, kina mama wamesimama majini jua kali, wanafunga, wanavuna, wanaanika, alafu siku ya kuuza wanaambiwa haujakauka sawa sawa au una mchanga, kilo zinakatwa na anaekata ndie huyo huyo anaenunua. Mchumaji wa karafuu akianguka mkarafuuni akavunjika kiuno, pishi alizozichuma asubuhi ile atalipwa, na baada ya hapo je? Semina za kuondoa umasikini zinazofanyika hotelini, jamani, chakula cha mchana cha siku moja na mtungi wa maji ya kunywa kwa kila meza. Mtu akiandika yote haya kama malalamiko mtayaweka ukurasa wa ndani chini kabisa, nami nnajua mana nshaleta barua za namna hiyo. Akiyaandika kwa sauti ya yule anaefaidika nayo, hata huyo anaefaidika atalinunua gazeti aangalie kasemwa vipi.

Maombi yangu ni mawili. Safu ya kejeli irudi Ijumaa kama ilivokuwa, na mwandishi wake ni yule yule. Na la pili, mtume mtu wa habari za kawaida, asie na kejeli hata chembe, aende Chake Chake na Wete aulize wanaojenga wananunua kokoto kwa bei gani ndoo na kwa bei gani lori, aziandike bei zote pamoja na ile ya Micheweni kwenye ukurasa mmoja. Wanawake wale wanaisubiri hiyo ya pili, nimewaambia nitakuandikieni, na gazeti likifika nitakwenda kuwasomea.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu,
Konde, Pemba.